Sabuni ya maziwa ya kondoo na mnanaa: inafaa ngozi kavu ya baridi? Na mtoto mwenye pumu ya ngozi je?

MamaTumaini (Njombe)

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri kwa anayejua mambo ya ngozi au utengenezaji wa sabuni.

Wifi yangu anaishi Ujerumani, kusini kule karibu na milima. Alikuja kwenye msiba wa shangazi yao, akaniletea miche mitatu ya sabuni ya maziwa ya kondoo yenye mafuta ya mnanaa. Anasema kule ni kitu cha kawaida, wanaiita Schafmilchseife, na hata kwenye magulio ya Krismasi unaikuta imepangwa kwa rangi. Hii yangu imefungwa karatasi ya kaki, rangi yake kama siagi, nzito mkononi. Ukiisogeza puani unapokelewa na mnanaa, halafu nyuma yake kuna harufu kidogo ya maziwa yaliyochemshwa.

Wanaoijua Njombe ya mwezi wa sita na wa saba watanielewa. Miundi yangu inapauka mpaka unaweza kuandika jina kwa ukucha likasomeka. Visigino vimepasuka, usiku vinanasa kwenye shuka. Miaka yote naogea sabuni ya mche, ile ndefu tunayokata vipande, ya kufulia hiyo hiyo.

Hii ya wifi nimeijaribu mara moja tu. Povu lake zito na laini, si lile la mapovu makubwa. Lakini nilipojimwagia maji ya uvuguvugu nilisikia ubaridi mgongoni kama nimefunguliwa mlango, nikatoka bafuni natetemeka. Ngozi haikukaza kama ninavyozoea, hilo nakiri. Asubuhi yake miundi ilikuwa imepauka vile vile.

Sasa ninachouliza. Je, maziwa haya kweli yanalainisha ngozi au ni maneno ya wauzaji? Mwanangu wa mwaka mmoja na miezi minne ana pumu ya ngozi, kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, anajikuna mpaka analia. Naweza kumuogesha nayo? Jirani yangu ananiambia sabuni za maziwa zinang'arisha, nimuogeshe uso awe mweupe. Mimi sitaki mwanangu abadilike rangi, nataka alale usiku. Na mwisho, baba mkwe ana kondoo 11. Tunaweza kutengeneza wenyewe?

Maandishi ya kwenye karatasi nimeyanakili: Sodium Palmate, Sodium Cocoate, Aqua, Lac, Glycerin, Mentha Piperita Oil, Lanolin, Limonene, Linalool.

Kaka_wa_Mkwakwani (Tanga)

Pole dada na baridi, na pole kwa mtoto. Mimi si mtaalamu. Nyumbani tuna mnanaa uani tangu enzi za bibi, tunautia kwenye chai na pilau, na mtu akitoka shamba anachemshiwa maji yake anaoga. Unatoka unanukia vizuri, lakini ubaridi huo wa mlango uliofunguliwa sijawahi kuusikia. Labda wa Ulaya ni mwingine?

MsabuniNgaramtoni (Arusha)

Mama Tumaini shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi salamu za dada yako wa Ngaramtoni. Mimi natengeneza sabuni tangu 2016, nyingi za maziwa ya mbuzi, na za kondoo nimetengeneza mara chache ninapoyapata. Nimeyasoma maandishi yako mara mbili. Nitajibu kirefu kwa sababu suala la mtoto lisingoje.

Naanza na huyo mdogo: usimuogeshe hiyo sabuni. Si kwa sababu ni mbaya, ni kwa sababu ya mnanaa. Mafuta ya mnanaa yana mentoli nyingi, kile kitu kinacholeta ubaridi, na mentoli karibu na pua ya mtoto mdogo inaweza kumfanya abane pumzi. Ndiyo maana hata dawa za kuchua zenye mentoli hazipakwi kwa watoto chini ya miaka miwili. Na kwenye ngozi iliyochunika kwa kujikuna, mnanaa unachoma. Tena umeandika Lanolin. Watu wengi wanadhani hiyo imo ndani ya maziwa ya kondoo. Hapana, lanolini ni nta ya manyoya ya kondoo, inakamuliwa wakati wa kuosha sufu, na kiwanda kimeiongeza humo. Kwa wengi inalainisha vizuri sana, lakini kuna ngozi zinazoikataa, na ngozi yenye pumu ni miongoni mwa zinazoikataa zaidi. Weka miche hiyo juu kabatini.

Sasa maziwa. Nikiweka maziwa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo kwenye vikombe vitatu mezani, huhitaji kuambiwa yapi ni ya kondoo. Ng'ombe ana mafuta kama asilimia 4, mbuzi naye hapo hapo, kondoo anafika 6 hadi 7. Ukikitikisa kikombe yanabaki yamepaka ukutani kama rangi. Nilipoyashika mara ya kwanza yaliletwa na yeyo mmoja, yaani mama wa Kimaasai, wa upande wa Monduli kwenye kidumu cha lita moja. Aliniambia amekusanya siku nne, kondoo sita, kwa sababu kondoo wetu anatoa kikombe tu na mwanakondoo naye anamdai. Kule Ulaya wana kondoo wa maziwa hasa. Ujerumani kaskazini kuna aina inaitwa East Friesian, mmoja anaweza kutoa zaidi ya lita mbili kwa siku. Ndiyo maana kwao sabuni hii ni ya dukani na kwetu ni ya kubahatisha.

Lakini dada, sabuni si maziwa ya kupaka. Hapa ndipo wauzaji wanapowapoteza watu, nami ninauza sabuni hizo hizo, kwa hiyo nasema nikijua ninachokisema. Sabuni ni mafuta yaliyokutana na kostiki, yaani sodiamu haidroksaidi. Wakishamalizana kunakuwa na sabuni na glisarini. Maziwa yanapoingia humo nayo yanapita motoni. Mafuta yake yanageuka sabuni kama mafuta mengine. Ile asidi ya maziwa wanayoitangaza kwamba inaondoa ngozi iliyokufa inakutana na kostiki na kugeuka chumvi yake, inayosaidia mche uwe mgumu lakini haikwangui ngozi ya mtu yeyote. Sukari ya maziwa inabaki na kufanya povu liwe zito, ndilo hilo uliloliona. Na sabuni yoyote ya kweli, hata ukitia maziwa ya malaika, pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, ni 9 hadi 10, wakati ngozi yako inakaa kwenye 5 hivi. Hakuna maziwa yatakayoishusha ikabaki sabuni.

Basi kwa nini ngozi yako haikukaza? Kwa mambo mawili ambayo ni ya kweli kabisa. Kwanza ni glisarini. Kila kilo ya mafuta ikigeuka sabuni inazaa karibu gramu 100 za glisarini, nayo ndiyo inayovuta unyevu. Viwanda vikubwa vingi huichuja na kuiuza kando kwa bei nzuri. Sabuni ya mkono inabaki nayo yote, na viwanda vinavyojali huirudisha, kama hicho chako kilivyoandika Glycerin. Pili ni mafuta yaliyoachwa makusudi. Mimi napunguza kostiki ili asilimia 5 ya mafuta ibaki bila kugeuka sabuni, na maziwa ya kondoo yanaongeza mengine juu yake. Sabuni ya mche unayoogea imetengenezwa ing'oe mafuta kwenye shuka na kola za mashati. Haikuachiwa mafuta ya ziada, na ikipita kwenye muundi wako mara mbili kwa siku katika baridi ya Njombe inafanya kazi ile ile iliyotumwa kufanya. Hata usipopata ya kondoo tena, kuacha kuogea sabuni ya kufulia kutakusaidia kuliko jambo lolote jingine nililoandika hapa.

Kaka wa Tanga, umeuliza swali zuri. Mnanaa wa chai, ule wa majani ya mikunjo-mikunjo, ni tofauti. Harufu yake inatokana na kitu kinaitwa kavoni, hauna mentoli ya maana. Huo wa kwenye karatasi, Mentha piperita, ni chotara wa mnanaa wa chai na mnanaa wa majini, na mentoli ni theluthi hadi nusu ya mafuta yake. Ndiyo peremende. Ukimwaga matone matatu kwenye ndoo utadhani mtu ametia barafu, lakini ukichovya kipimajoto maji ni yale yale.

Kwa mtu mzima mnanaa una kazi yake. Wateja wangu wa Dar wananiagiza za mnanaa kuanzia Desemba mpaka Machi, wakati wa joto la kunata. Wenye vipele vya joto wanasema wanapata nafuu ya kuwashwa kwa muda. Madereva wa bodaboda wanapenda kwa miguu, wakivua viatu jioni. Ni nafuu ya saa moja au zaidi kidogo, si tiba ya fangasi wala mba. Lakini Njombe mwezi wa saba? Dada yangu, hiyo ni sabuni nzuri iliyokufikia katika msimu usio wake. Itunze mpaka Novemba, au oshea miguu tu.

MamaTumaini (Njombe)

Marahaba mdogo wangu, maana naona nimekuzidi, na asante sana. Nimesoma nikiwa nimempakata mtoto. Sabuni nimeipandisha juu ya kabati kweli. Kumbe mche! Mama yangu alituogesha mche sote sita na sikuwahi kuuliza.

Sasa mtoto nimfanyeje? Kituo cha afya walinipa krimu ndogo, nikaipaka siku tatu vipele vikaisha, nikaacha, vikarudi. Watu wakaniambia hiyo krimu inachubua, nikaogopa.

AfisaNgozi_Dodoma

Mama Tumaini, mimi ni afisa tabibu, mafunzo ya ngozi nimeyapata Moshi pale hospitali ya KCMC kwenye kituo cha kanda cha magonjwa ya ngozi. Watoto kama wako nawaona kila wiki ya kiangazi. Naunga mkono aliyoyasema dada wa Ngaramtoni, nitaongeza ya upande wangu.

Pumu ya ngozi si uchafu na haiambukizi. Ukuta wa ngozi ya mtoto huyu unavuja: maji yanatoka, vichokozi vinaingia. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuziba, kuosha ni kazi ndogo. Muogeshe maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi, sabuni laini isiyo na harufu kwenye makwapa, shingoni na sehemu za nepi tu. Mikono na miguu maji yanatosha. Mfute kwa kumgusa-gusa na taulo, usimsugue. Halafu, kabla hajakauka kabisa, ngozi ikiwa bado na umande, mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, mwili mzima, mengi mpaka ang'ae. Yale meupe ya kawaida, ya bei ndogo, ndiyo ninayoandikia hata watoto wa wenye uwezo. Rudia mara mbili au tatu kwa siku, hata akiwa hana kipele.

Krimu uliyopewa, kwa maelezo yako, inaelekea ni haidrokotisoni. Hiyo ni dawa ya kuzima moto. Ikitumika kama ulivyoelekezwa, kwenye vipele tu, kwa siku zilizopangwa, haimchubui mtoto. Zinazochubua ni krimu kali za kujing'arisha zinazouzwa bila maelezo, nyingine zina haidrokwinoni au zebaki, na hizo hazitakiwi kugusa ngozi ya mtu yeyote. Ulipoacha, vipele vilirudi kwa sababu katikati hapakuwa na mafuta ya kulinda ukuta. Nenda nayo tena kituoni wakuandikie siku ngapi na kiasi gani, halafu siku zote mafuta ya mgando yaendelee. Kucha zake zikate fupi. Sweta la sufu lisimguse moja kwa moja, mvalishe pamba ndani. Najua Njombe sweta haliepukiki.

Ukiona vipele vinatoa majimaji, vina ukoko wa rangi ya asali, au ana homa, usingoje. Hapo bakteria wameingia na anahitaji dawa nyingine.

Kuhusu jirani: maziwa hayabadilishi rangi ya ngozi. Ikitokea sabuni inayoitwa ya maziwa imemfanya mtu mweupe ndani ya wiki mbili, humo ndani kuna kitu kingine.

Na kwa kaka wa Tanga, ubaridi wa mnanaa una maelezo mazuri. Kwenye mishipa ya fahamu kuna mlango unaofunguka ukipigwa na baridi, unaitwa TRPM8, na mentoli ina ufunguo wa mlango huo huo. Ubongo unaletewa habari ya baridi ambayo haipo. Mlango huo ulitambuliwa 2002 na maabara mbili tofauti, ya David Julius na ya Ardem Patapoutian, zote zikitumia mentoli, na 2021 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yao juu ya jinsi mwili unavyohisi joto, baridi na mguso. Mama Tumaini alitetemeka kweli, na kumbe maji yake hayakupoa hata kidogo zaidi ya siku nyingine.

MsabuniNgaramtoni (Arusha)

Asante daktari, umenifundisha na mimi.

Sasa Mama Tumaini, kondoo 11 wa mzee. Inawezekana, ila sikiliza. Subiri wazae, mwanakondoo afikishe mwezi mmoja hivi na aanze kutafuna majani, ndipo umkamue mama mara moja asubuhi, na umwachie mtoto sehemu yake. Kwa majike manne utapata kikombe kidogo kidogo. Chemsha, poza, mimina kwenye mfuko wa plastiki, ulaze kwenye friza ukiwa bapa. Ongeza kila siku mpaka ufike gramu 150. Kuchemsha usikuruke: kuna ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo, bruselosisi, unaokuja kwa maziwa mabichi. Kostiki itaua wadudu ndani ya sabuni, lakini wewe utakuwa umeshayashika kwa mikono.

Mara yangu ya kwanza na maziwa nilimwaga kostiki kwenye maziwa ya joto. Sekunde chache tu yakawa rangi ya chungwa, kisha kahawia, yakakatika mabonge, na harufu ya amonia ikanitoa jikoni na macho yangu. Lita nzima ya yule yeyo, kazi ya siku nne. Niliumia kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya pesa yangu. Tangu siku ile maziwa yangu huingia kazini yakiwa barafu.

Kipimo cha kuanzia, mafuta gramu 500. Njombe mna parachichi, na mafuta yake ni mazuri mno kwa ngozi kavu, usiyapite. Mawese yaliyosafishwa 200, nazi 125, parachichi 150, nyonyo 25. Kostiki 70. Maziwa ya kondoo yaliyoganda 150. Hapo kama asilimia 6 ya mafuta inabaki huru. Usipunguze wala kuongeza nazi kwa kukisia, kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Nazi inakula nyingi kuliko zote hapo. Mizani iwe ya dijitali inayosoma gramu moja moja, vijiko na vikombe havifai kwa kazi hii. Kostiki iwe safi, iliyoandikwa sodiamu haidroksaidi tupu, si ile ya kuzibulia mabomba yenye vipande vya alumini ndani.

Na sufuria! Naliandika peke yake kwa sababu nimeona mtu akiungua. Sufuria zetu nyingi ni za alumini. Kostiki ikigusa alumini inaichemsha na kutoa gesi inayowaka. Tumia stenlesi au ndoo ngumu ya plastiki. Glavu, miwani ya kazi, mikono mirefu, dirisha wazi, na Tumaini na mdogo wake wawe kwa bibi yao siku hiyo. Ikikurukia, maji mengi yanayotiririka, dakika kumi na tano au zaidi. Siki waachie wenye kachumbari.

Weka vipande vya maziwa ya barafu ndani ya ndoo ndogo, ndoo hiyo ikae kwenye beseni la maji ya barafu. Nyunyiza kostiki kijiko kimoja, koroga, subiri, kijiko kingine. Kostiki ndiyo inayomwagwa kwenye maziwa, kamwe si maziwa kwenye kostiki. Itakuchukua dakika ishirini. Yanapaswa kubaki meupe au manjano ya siagi. Kwa baridi yenu mafuta ya nazi yatakuwa yameganda kama nta kwenye chupa, kwa sababu chini ya nyuzi 24 hivi hayakai maji maji, kwa hiyo yayeyushe pamoja na mawese, yapoe mpaka ukigusa ndoo kwa nje usikie uvuguvugu tu. Unganisha, piga kwa blenda ya mkono kwa vipindi vifupi mpaka iwe kama uji wa lishe: ukidondosha tone linabaki juu kidogo kabla ya kuzama.

Hapo ndipo manukato yanapoingia. Kwa ya mtu mzima tia gramu 5 za mafuta ya peremende, asilimia moja ya mafuta. Wapo wanaotia mara mbili au tatu yake, lakini sabuni hiyo ukiosha sehemu za siri utajuta. Kwa mtoto usitie chochote, iwe ya maziwa tu, na kabla ya kumgusa nayo muulize kwanza daktari wetu hapo juu.

Watakuambia uifunike blanketi. Ya maziwa isifunikwe, inajipasha yenyewe kwa ile sukari na kuanza kupasuka katikati. Kwako iache mezani tu, Njombe ni friji tosha. Siku mbili, kata. Halafu panga miche ikiwa imeachana, penye hewa, wiki nne kamili, sita ni bora zaidi. Sabuni changa isiyoiva inawasha hata ikiwa na maziwa kiasi gani.

Ukifikiria kuuza baadaye, pitia SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, upate mafunzo, na ujue kwamba vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, shirika la viwango.

Kaka_wa_Mkwakwani (Tanga)

Dada wa Ngaramtoni, mnanaa wangu wa uani nikiukausha nikausaga nikautia ndani ya sabuni, utakaa kijani?

MsabuniNgaramtoni (Arusha)

Hautakaa kaka. Siku ya kwanza ni kijani, baada ya wiki mbili unakuwa kahawia kama majani ya chai yaliyotumika, na vipande vinakwaruza. Uache kwenye pilau. Kama unataka rangi, mlonge wa unga kidogo, nao utafifia polepole.

MamaTumaini (Njombe)

Narudi baada ya wiki saba, samahani kwa kimya. Nilisema sitaandika mpaka niwe na cha kusema.

Mtoto: kituoni walinipangia krimu siku saba, kwenye vipele tu, na mafuta ya mgando asubuhi, mchana na jioni. Nimenunua lile kopo kubwa. Wiki ya pili alilala kutoka saa mbili usiku mpaka saa kumi na moja bila kuamka. Mimi ndiye niliyeamka, nikawasha simu kumuangalia kama anapumua. Nyuma ya goti la kushoto bado kuna alama ya weusi, wameniambia itafifia yenyewe. Afisa wa Dodoma, Mungu akubariki.

Mimi: mche nimeuachia nguo. Nilinunua sabuni ya glisarini mjini wakati nasubiri yetu, na najipaka nikiwa bado na maji mwilini, kabla sijatoka bafuni. Miundi haiandikiki tena. Visigino bado, lakini havinasi kwenye shuka.

Kondoo: majike matatu ndiyo yalikuwa yamezaa. Baba mkwe alikataa kabisa mwanzoni, akasema kondoo hakamuliwi, mwanakondoo atakufa. Nilimwonyesha kikombe chenyewe, kidogo, na wanakondoo wanarukaruka. Siku ya tano alikuja mwenyewe kunishikia. Siku tisa kufika gramu 150. Nilifanya yote kama ulivyoandika, ndoo ya plastiki, beseni la barafu, watoto kwa bibi. Maziwa hayakuwa ya chungwa. Yalibaki kama siagi mpaka mwisho.

Nimekata miche saba. Mitatu ina mnanaa, minne haina kitu. Leo ina wiki mbili na nusu. Katikati ya kila mche kuna duara lililokolea kidogo, kama chai ya maziwa, na pembeni ni nyeupe zaidi. Je, imeharibika? Nimeipanga kwenye rafu juu ya jiko la kuni ili ikauke haraka.

MsabuniNgaramtoni (Arusha)

Haijaharibika hata kidogo! Katikati ilipata joto kuliko pembeni, ndiyo hilo duara. Litafifia au litabaki, sabuni ni ile ile. Majike matatu na siku tisa, na mzee akakushikia kondoo. Nimefurahi kuliko ungeniletea oda ya miche mia.

Lakini iondoe juu ya jiko leo hii. Itanukia moshi mpaka iishe, na joto litaifanya itoe jasho. Ipeleke chumbani, chini ya kitanda juu ya karatasi, igeuze kila siku tatu. Wiki ya sita pima mche mmoja kwenye mizani, ujue umepungua gramu ngapi, uniandikie.